Majivu Kabla ya Chokaa

Ankoro, pale Luvua inapoingia Lualaba, moto ulikuwa mbolea ya kwanza. Wazee walikata miti, wakasubiri matawi yakauke, wakachoma, kisha wakapanda mvua ilipoanza. Majivu yana kalsiamu na potasiamu, nayo hupunguza asidi ya ardhi. Kwenye udongo mwekundu wa miombo hilo si jambo dogo, maana mvua imesomba kalsiamu kwa karne nyingi. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi ya mahindi, huku fosfati ikinaswa na chuma na alumini hiyohiyo. Muhogo huvumilia. Sidhani ni bahati tu kwamba bukari, yaani ugali, wa huku ni wa muhogo.

Lakini majivu yalihitaji msitu, na msitu ulihitaji miaka ya kupumzika. Wakoloni wa Kibelgiji waliivuruga hesabu hiyo. Kuanzia 1917 sheria iliruhusu mwanakijiji alazimishwe kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku 60 kwa mwaka. Kaskazini mwa Katanga zao hilo likawa pamba. Baadaye INEAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa 1933 na kuweka makao Yangambi, ilipanga mashamba kwa ukanda ili miti ipate nafasi ya kurudi. Yaani wataalamu walirudia kwa rula kile ambacho wakulima walikifanya kwa macho.

Na mbolea ya dukani? Uingereza ilikwisha kuonja uchungu wake. Huko Woburn, katika majaribio yaliyoanza 1876, shayiri ilitiwa sulfati ya amonia mwaka hadi mwaka mpaka ikakataa kuota vizuri; chokaa ndiyo iliyoirudisha. Kilo 100 za mbolea hiyo hudai takriban kilo 110 za chokaa kufuta asidi yake.

Mawe ya chokaa yamo mkoani humuhumu, Kabimba, kusini mwa Kalemie. Yamefanywa simenti. Shamba lisingehitaji hata tanuri: kuyasaga laini kunatosha. Kinachoshinda ni uzito. Reli ya Kalemie hadi Kabalo ilikamilika 1915, na kutoka Kabalo mzigo hupanda kwa mto hadi Ankoro. Hata hivyo, tani mbili kwa hekta moja ni mifuko 40 ya kilo 50, wakati mbolea ya NPK ya hekta hiyo ni mifuko michache tu. Mchuuzi atapakia ipi, kila mtu anajua, na sehemu kubwa ya fosfati ya mifuko hiyo itanaswa na udongo kabla mahindi hayajaifikia.