Mganga hajigangi: Kwanini wahudumu wa afya huficha sonona

Nesi au daktari naye huugua sonona, ila wengi hunyamaza. Kwenye mji mdogo kama Mpanda, mkoani Katavi, wa kukutibu huenda ndiye unayepangwa naye zamu. Unaogopa wenzako watasoma faili lako na wagonjwa watakukimbia. Hospitali ya Mirembe iko mbali, Dodoma, na mtaani jina lake limegeuzwa utani wa "vichaa".

Mwaka 2019, WHO ilieleza kuwa kuishiwa nguvu kwa msongo wa kazi si ugonjwa. Lakini huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa wiki 2, huku usingizi umepotea, huenda ni sonona, na inatibika. Usijiandikie dawa mwenyewe. Omba rufaa nje ya kituo chako.