Hiyo Spea Yako Ilizaliwa Lini?

Wasee, magari ya kwanza hayakuwa na spea. Ukipata pancha unashuka kuziba hapo hapo kwa vumbi. Mwaka wa 1904, kule Llanelli, Wales, ndugu wawili, Thomas na Walter Davies, wakaunda rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililojaa upepo tayari. Unaifunga kando ya gurudumu lililoharibika, safari inaendelea. Wakaiita Stepney, jina la barabara ya karakana yao. Huko India spea bado inaitwa hivyo.

Mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, Wamarekani wakataka magari mepesi, na spea ikakondeshwa: katairi kembamba ka psi 60, mwisho kilomita 80 kwa saa.

Sasa sisi. Mtumba unaingia Kenya ukiwa na hadi miaka 8, na spea yake ndani. Matairi manne tunabadilisha, ya buti hapana, eti "haijawahi kugusa lami". Si mpira huzeeka hata ukiwa umelala? Soma tarakimu nne za mwisho za kodi ya DOT ubavuni: 2309 ni wiki ya 23, mwaka wa 2009. Watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10, toa. Wewe unaipangia kukuokoa Salgaa, usiku, watoto wakiwa nyuma? Na ukienda kununua nyingine, soma tarehe kabla hujatoa pesa.