Utafiti wa Watumiaji: Mtumiaji ni Nani?

Machi 2020 Marekani ilipitisha sheria ya CARES, iliyoongeza dola 600 kwa wiki juu ya mafao ya kukosa ajira. Mpango wake wa waliojiajiri haukudai mwanzoni vielelezo vya kipato. Neno la mwombaji lilitosha. Wezi wakaingia na majina ya watu. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, GAO, ilikadiria kuwa udanganyifu katika mafao yote ya kukosa ajira wakati wa janga la UVIKO-19 ulifikia kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135.

Wengi walioibiwa majina hawakuwa wamepoteza kazi. Mmoja aliletewa kwa posta kadi ya benki asiyoiomba. Mwingine aliulizwa na mwajiri wake: mbona umeomba mafao na bado uko kazini? Mwingine Januari alipokea fomu 1099-G, inayoiarifu mamlaka ya kodi kwamba amelipwa fedha ambazo hakuziona hata senti. Watu hawa ndio waliotakiwa kutoa taarifa.

Sasa chukua fomu ya taarifa iliyobuniwa kwa ajili ya mtu anayemshtaki jirani yake, kwamba anapokea mafao huku ana kibarua. Swali la kwanza: jina la mtuhumiwa. Mwathiriwa aandike nini? Jina lililotumika ni lake. Akiliandika, amejishtaki, akiacha nafasi wazi, fomu haiendelei. Isitoshe, kila jimbo husimamia mafao kivyake, na taarifa hupelekwa kwenye jimbo lililopokea ombi, hata kama mwathiriwa hajawahi kukanyaga huko. Mkazi wa Ohio atajuaje kwamba malalamiko yake ni ya jimbo la Washington?

Aliyeandika fomu hiyo hawezi kuiona kasoro, kwa sababu majibu anayajua. Ataiona akikaa kando ya mtu mwenye barua ya mafao mkononi, amwombe atoe taarifa huku akisema anachofikiri, kisha yeye anyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Kazi hii Kiingereza huiita user research, nasi tunaiita utafiti wa watumiaji. Haihitaji umati: Jakob Nielsen, bingwa wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua kasoro nyingi.

Istilahi yetu inaweza kupingwa kwa sababu ya ule “wa”: je, watumiaji ndio watafiti au ndio wanaotafitiwa? Pingamizi hilo halina uzito. Tunasema utafiti wa magonjwa, wala hakuna anayedhani malaria imeshika kalamu.

Uzito uko kwenye “mtumiaji”. Tungeweza kusema “mlaji” au “mteja”, lakini mlaji ni yule anayenunua. Mteja ana hiari ya kwenda duka la pili, ilhali aliyeibiwa jina hana ofisi ya pili ya kuiendea. “Mtumiaji” linambeba hata asiyetaka huduma yenyewe, aliyesukumwa kwenye ukurasa ule na mwizi. Kwa hiyo libaki, hata kama mitaani linatukumbusha dawa za kulevya.

Ninachokikataa ni kuiita kazi hii “ukusanyaji wa maoni”. Dodoso la “umeridhika na huduma?” hujibiwa na aliyefika mwisho wa fomu; aliyekwama kwenye jina la mtuhumiwa hahesabiwi. Wala maoni hayangefichua kwamba mtu anatafuta kitufe cha “sikuomba mafao haya”, huku ukurasa ukimwonyesha “ripoti udanganyifu”, neno linalomfanya ahofu kwamba mshukiwa ni yeye.

Kwetu jambo hili si la mbali: tangu 2018 sheria ya hifadhi ya jamii Tanzania inatambua fao la kukosa ajira. Mnaotafsiri mifumo ya serikali, andikeni “utafiti wa watumiaji”, na kabla ya kuidhinisha fomu yoyote ya malalamiko, mpeni mlalamikaji mmoja aijaze mbele yenu.