Ulaya, 'Blighty' na bob: Soga za Waingereza wazee ugenini

Kuna maneno tunayoyasema bila kuwa na la kusema. Mwamkie mzee asubuhi, "Habari za kuamka?", naye atakujibu "Njema", hata kama hakupata lepe la usingizi kwa maumivu ya magoti. Magoti yatakuja baadaye, baada ya "ila". Mwaka wa 1923, Bronislaw Malinowski, Mpolandi aliyefundisha anthropolojia jijini London, aliyaita mazungumzo ya aina hii kuwa ni ya kifatiki. Alikuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, kule Papua New Guinea, akaona kwamba watu wakiketi pamoja jioni hawapeani habari. Wanafunga fundo la udugu kwa maneno. Sisi tuna jina letu zuri zaidi: kupiga soga.

Waingereza wanajulikana kwa soga ya hali ya hewa. Tangu mwaka wa 1758, Samuel Johnson, yule mtunga kamusi, alikwisha kuwatania wenziwe kwamba Mwingereza akikutana na Mwingereza jambo la kwanza ni mvua na jua. Sasa swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: Mwingereza anapozeekea mahali ambapo jua ni lile lile leo na kesho, tuseme pwani ya kusini ya Uhispania, au huku kwetu Diani na Nanyuki, anazungumzia nini na mwenzake?

Anazungumzia hali ya hewa ya zamani. Aliyewahi kuketi karibu na meza ya wastaafu hawa atakuwa ameisikia. Ukungu wenye moshi ulioifunika London mwezi Desemba 1952, mtu akawa haoni miguu yake mwenyewe. Baridi kali ya 1962 kuingia 1963. Kiangazi cha ukame cha 1976. Kila mwaka una msemaji wake, na kila msemaji ana mwenzake wa kutikisa kichwa. Kutoka hapo hadi bei ya mkate, tikiti ya basi, na peremende zilizokuwa za mgao hadi mwaka wa 1953, ni hatua moja tu. Hakuna anayemfahamisha mwenzake jambo jipya, maana wote walikuwepo. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Neno la Kiingereza la hamu hii, 'nostalgia', lilianza kama jina la ugonjwa. Mwaka wa 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, aliliunda kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la uchungu, ili alitumie katika tasnifu yake kuhusu watu waliodhoofika kwa sababu ya kuwa mbali na kwao. Hofer aliamini kwamba dawa ni kumrudisha mgonjwa kwao. Hakufikiria kuhusu mgonjwa ambaye kwao kwenyewe kumeshaondoka.

Hapa historia inatuletea neno ambalo msomaji wa Kiswahili analijua bila kujua kwamba analijua. Jina la mapenzi ambalo Waingereza wa kizazi kilichopita waliiita nchi yao wakiwa mbali ni 'Blighty'. Ukilisikia utadhani ni neno la kijijini huko Yorkshire. Kumbe asili yake ni India. Wahindi walimwita mgeni wa kizungu, na vitu vyake, kwa neno la Kiurdu 'vilayati', au 'bilayati' kwa matamshi ya wengine. Hata maji ya soda yalikuwa 'bilayati pani', maji ya kizungu. Kamusi ya Henry Yule na A. C. Burnell ya mwaka wa 1886, maarufu kwa jina Hobson-Jobson, imelihifadhi jina hilo. Askari wa Kiingereza walilichukua neno, wakalipinda ndimi, na kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia likawa ndilo jina la nyumbani. Katika mahandaki ya Ufaransa, jeraha lililotosha kumrudisha askari kwao bila kumuua nalo liliitwa 'blighty', na wapo walioliomba usiku.

Neno hilo la Kiurdu lilitoka wapi? Katika Kiarabu 'wilaya', yaani eneo lililo chini ya utawala. Na Kiswahili nacho kikachota kisima hicho hicho, tena zaidi ya mara moja. Tuna wilaya, ambayo kila Mkenya aliyezaliwa kabla ya Katiba ya 2010 aliijaza kwenye fomu. Tuna liwali, aliyekuwa akitawala miji ya pwani kwa niaba ya Sultani. Na tuna Ulaya. Kwa hiyo mzee wa Kiingereza anapoitaja 'Blighty' kwa sauti ya kutetemeka, na bibi wa Mombasa anaposema mjukuu wake amekwenda Ulaya, wametumia neno moja. Tofauti ni kwamba bibi anajua yeye yuko huku na Ulaya iko kule. Mwingereza ameazima neno la mtu aliyemwita mgeni, akalifanya jina la kwao.

Nimekaa hapo makusudi, kwa sababu mara nyingi tunadhani kwamba hamu ya nyumbani hutumia maneno ya nyumbani. Wapi! Watu wanaoishi ugenini kwa muda mrefu huwa na msamiati ambao ukiupeleka kwao hauuziki. Waingereza waliotoka India walistaafu katika miji kama Cheltenham wakiwa na maneno yasiyoeleweka kwa muuza maziwa. Kenya ilirithi baadhi ya maneno hayo moja kwa moja, maana mkoloni alikuja nayo mzigoni: 'memsahib' wetu alipitia India, na yaya vilevile.

Walowezi wa Kenya walikuwa na tabia moja ya kiisimu iliyotajwa na wengi walioandika kuhusu enzi hizo. Neno 'home', wakiliandika kwa herufi kubwa mwanzoni, lilimaanisha Uingereza, hata kwa mtoto aliyezaliwa Nakuru ambaye hajawahi kuiona Uingereza isipokuwa kwenye kalenda. Likizo ya kwenda huko ilikuwa likizo ya nyumbani. Redio ilikoleza jambo hili. BBC ilipoanzisha matangazo ya himaya mwezi Desemba 1932, na mfalme George wa Tano akahutubia siku ya Krismasi mwaka huo huo, familia iliyokuwa shambani Kitale iliweza kusikia sauti ya huko ilhali nje fisi wanalia. Hebu lipime hilo kwa Kiswahili. Sisi tuna 'nyumbani' na tuna 'kwetu'. Mkenya anaweza kuwa na nyumba Umoja, Nairobi, miaka 30, na bado ukimuuliza kwenu ni wapi atakutajia Siaya. Lakini kule Siaya kuna kaburi la babu yake. Mtoto wa Nakuru alifundishwa kuwa na kwao ambako kumbukumbu zake zote zilikuwa za kuazima kutoka mezani kwa wazazi.

Kisha uhuru ukaja. Sensa ya 1962 ilihesabu Wazungu wapatao 55,000 nchini Kenya, na wengi wao waliondoka miaka iliyofuata. Wengine walikwenda Rhodesia na Afrika Kusini, na huko wenyeji wa Kizungu wakachoka kuwasikia. Kila sentensi ilianza kwa Kiingereza cha "Tulipokuwa Kenya..." Basi wakabandikwa jina 'whenwe', yaani akina Tulipokuwa. Baadaye jina hilo likawashika Warhodesia wenyewe walipokimbilia kusini. Ni nadra kwa kundi la watu kuitwa kwa kishazi tegemezi, nami kama mwalimu wa sarufi nawapongeza waliolibuni.

Waliorudi Uingereza walikuta mambo yamegeuka. Wale waliokuwa wakiitamani mvua ya Kiingereza wakiwa Naivasha, sasa waliitamani Naivasha wakiwa kwenye mvua. Shamba, duka, shauri na panga yakawa maneno ya faragha, kama noti za nchi isiyokuwepo tena.

Lakini soga ya kifatiki ina sheria ambayo Malinowski hakuikazia sana: usiguse kidonda. Ili sote tutikise vichwa, ni lazima tuzungumzie yale tunayokubaliana. Ndiyo maana katika soga za akina Tulipokuwa utasikia habari nyingi za farasi, mbwa, jua likizama, na mpishi mwaminifu aliyeitwa 'boi' hadi alipopata wajukuu. Utasikia kidogo sana kuhusu kipande alichofungwa shingoni, au kuhusu kambi za kizuizi za miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Hamu ya zamani hukariri na kuruka, kama kanda mbovu. Nyaraka nazo zilifichwa: maelfu ya faili za makoloni yalikuwa yamekaa Hanslope Park hadi serikali ya Uingereza ilipokiri mwaka 2011 kwamba inazo. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ikaeleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Sidhani kwamba wazee wote waliokuwa wakinywa chai huko Sussex walikuwa wakificha kitu. Wengine walikuwa watoto wakati huo. Hata hivyo, ukimya ukirudiwa kila Jumapili kwa miaka 50 huwa kumbukumbu.

Kejeli ni rahisi hapa, na ningeweza kuishia kwenye kejeli. Kuna jambo linalonizuia, nalo ni pesa.

Mwingereza mmoja mzee niliyefahamiana naye Nanyuki alipenda kuniambia bei za vitu vya ujanani mwake, kwa shilingi na peni. Kule kwao hesabu hiyo ilikufa tarehe 15 Februari 1971. Kabla ya siku hiyo pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi peni 12. Shilingi moja kimtaani iliitwa 'bob'. Leo kijana wa London akiambiwa 'bob' hulijua kwenye misemo ya bibi yake tu. Lakini sisi tulipokea shilingi mwaka 1921, rupia ilipoondolewa, na jina la mtaani likaja nayo. Mzee yule akimlipa mtu wa bodaboda, anaambiwa, "Ni mia bob, mzee." Neno la utoto wake, lililozikwa kwao, limo kinywani mwa kijana wa Kimeru ambaye hana habari. Aliniambia hilo ndilo lililomfanya asiondoke. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hakucheka kwa sababu bei za zamani kwake hazikuwa hadithi. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kila Aprili, lakini mstaafu aliyehamia nchi isiyo na mkataba nayo wa kufanya hivyo hubaki na kiwango kile kile alichoanza nacho. Anayeishi Uhispania au Marekani hupandishiwa. Anayeishi Kenya, Afrika Kusini, Kanada au Australia hapandishiwi. Wanaoathiriwa wanakaribia nusu milioni duniani. Chukua mtu aliyeanza kupokea pensheni kamili ya msingi hapa Kenya mwaka wa 2000: pauni 67.50 kwa wiki. Kufikia 2024 mwenzake wa Uhispania alikuwa akipata pauni 169.50, na yeye bado 67.50. Ajabu ni kwamba akisafiri kuwasalimu wajukuu Uingereza, kiwango hupanda kwa siku alizo huko, kisha hushuka akirudi. Wastaafu 13 walifika hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2010 walishindwa, majaji 11 dhidi ya 6.

Kwa hiyo kuna mzee anayeishi mwaka wa 2000 kwa nguvu ya sheria. Akikuambia mkate ulikuwa bei gani alipoondoka, anakueleza bajeti yake ya juma hili. Hapo mpaka kati ya soga na habari, ule aliotuchorea Malinowski, unafutika. "Siku zile" ni salamu, na pia ni "ila magoti tu..."

Wakenya walioko Boston na Minneapolis wanafanya yayo hayo siku hizi, wakikumbushana Voice of Kenya na maziwa ya Nyayo, na watoto wao wakitazamana. Hilo ni somo la siku nyingine.

Chuo Kikuu cha Oxford kilianza mwaka 1963 kukusanya barua, shajara na kumbukumbu za watumishi wa himaya, na ni hazina kubwa. Lakini shajara si soga. Soga haiandikwi na wahusika wake, na ile ya Nanyuki ina wahusika ambao hawajaulizwa kabisa: wapishi na wahudumu waliosimama nyuma ya viti wakisikiliza. Baadhi yao bado huzungumza na waajiri wao kwa Kisetla, kile Kiswahili cha "mimi hapana taka" na "chakula iko wapi" ambacho F. H. Le Breton alikitungia kitabu cha mazoezi mwaka 1936, kisha wakigeuka kumjibu muuza mboga huzungumza Kiswahili kingine kabisa. Kila mwaka wanafunzi wangu wa uzamili huja ofisini wakitaka kuandika kuhusu Sheng. Huwaambia kwamba Sheng itakuwepo mwakani. Mzee wa miaka 88 na mpishi wake wa miaka 79 huenda wasiwepo, na kinasa sauti kimo ndani ya simu ya kila mmoja wao.