Sisibo ya diski yaaga

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, mafundi wa kompyuta hapa Eldoret hawashushi pumzi. Kila mtu anataka Windows 11, nayo hudai kompyuta inayowaka kwa mtindo wa UEFI. Yangu niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na Mtaa wa Oginga Odinga. Akabadilisha mpangilio, akawasha: skrini nyeusi, eti hakuna diski ya kuwashia. Diski ilikuwemo, ila iligawanywa kizamani.

Uzamani huo ni wa 1983, IBM ilipotoa PC XT yenye diski ya megabaiti 10. Habari zote za mgawanyo zilikaa kwenye sekta ya kwanza, iitwayo MBR, baiti 512: 446 za programu ndogo ya kuwashia, 64 za jedwali la vipande vinne, mbili za muhuri. Fundi, mzaliwa wa hapa, hucheka akifika kwenye 64. Eldoret nayo ilianzia shamba nambari 64, wenyeji wakaliita Sisibo.

Anachokisimulia kwa uchungu ni Michelangelo, kirusi kilichogunduliwa Australia 1991. Kilisafiri kwa diski za flopi, kikajipachika kwenye sekta hiyo ya kwanza, kikaisukuma ile halisi kando, kikanyamaza. Ukiwasha kompyuta Machi 6, siku aliyozaliwa mchongaji yule Mwitaliano, kinavuruga diski. Mwaka 1992 dunia ilitaharuki. John McAfee, muuza kinga za virusi, alitaja hata kompyuta milioni 5. Siku ilipofika, zilizoumia zilikuwa maelfu tu, na kinga zilikuwa zimeshanunuliwa. Fundi hana haja na hesabu hizo. Kwake kosa ni la waliogawa diski hivyo: shamba zima, hati moja, bila nakala. Uasin Gishu tunajua hati ikipotea inakuwaje.

GPT, mgawanyo mpya uliokuja na EFI ya Intel, mzazi wa UEFI, huweka nakala mwishoni mwa diski, hubeba vipande 128 na kuvuka mpaka wa terabaiti 2. Tangu 2017 Windows ina mbr2gpt, chombo cha kuhama bila kufuta faili. Hata hivyo wengi hufomati tu, tasnifu na picha za harusi zikaenda. Jiji hili lina wanafunzi wa kompyuta tele. Kuhama huko kungefundishwa wiki ya kwanza.

Diski yangu ilikuwa na vipande vinne, na chombo hicho hakikubali zaidi ya vitatu. Fundi akafuta kile cha kiwandani, akaandika amri ya mstari mmoja, akaenda kununua chai.