Nani Alisema Mweusi Havai Njano?

Mwezi wa nane mwaka jana, kamati ya harusi ya binamu yangu ilituma picha kwenye grupu ya WhatsApp. Kitambaa cha kahawia, kahawia ya udongo uliokauka, na vimaua vidogo vya kahawia nyingine. Sare ya wasichana wa familia. Chini yake mtu akaandika: "Wengi wetu ni weusi, tuchague rangi tulivu."

Nilikuwa nimekaa kwa kibanda cha Senge, sokoni Kitale. Senge ni dada ya baba, na ameuza vitenge tangu kabla nizaliwe. Nikamwonyesha simu. Akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akasema, "Hii itakumeza. Watu wataona gauni limekuja harusi peke yake."

Nilicheka, lakini kuna kitu kilinichoma. Hiyo sentensi ya "rangi tulivu" naijua. Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mchezo wa kuigiza, na nguo ya malkia ilikuwa ya njano. Nilikuwa nimekariri maneno yote ya malkia. Mwalimu akaniambia mbele ya wote kwamba mimi ni mweusi sana, njano itanikataa, akampa msichana wa maji ya kunde. Mimi nikawa mlinzi wa lango. Kwa miaka kumi sikununua kitu cha njano, hata soksi.

Chuo nacho niliacha mwaka wa pili, karo ilipokatika. Nilikuwa nasomea historia. Kwa hivyo nikiudhika, bado nafanya kile nilichofundishwa kabla pesa ziishe: nauliza jambo lilianza wapi.

Halikuanza kwa kina nyanya zetu, hilo nina hakika.

Karne ya 19, kitambaa kilichotawala biashara ya misafara kilikuwa merikani, pamba isiyopakwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, iliyoshushwa Zanzibar. Kando yake kulikuwa na kaniki, kitambaa cheusi-buluu kilichopakwa nili. Tunadhani watu wa bara walipokea chochote walicholetewa. Wapi! Mwaka wa 1883, Mskoti Joseph Thomson alipokuwa akielekea nchi ya Wamaasai, alilazimika kusimama Taveta ili watu wake watunge shanga upya, uzi kwa uzi, kwa urefu na mtindo ambao Wamaasai wangekubali. Shanga zenyewe zilikuwa nzuri. Lakini zisipotungwa vile mnunuzi anataka, hazingenunua hata mbuzi. Safari hiyo ndiyo iliyomfikisha Kwa Sundu, mji tunaouita Mumias leo, si mbali na Bungoma. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameandika kitabu kizima kuonyesha jinsi ladha ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ilivyoamua kilichotengenezwa Marekani na Bombay.

Pwani hadithi inanoga zaidi. Katika nusu ya pili ya karne hiyo, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya leso vilivyochapishwa maua, wakavishona pamoja, vitatu juu, vitatu chini, wakapata vazi moja kubwa. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza kitambaa kizima. Ndio mwanzo wa leso, au kanga. Zilichapishwa Uholanzi, Uingereza, India, baadaye Japani, lakini aliyeamua ni mwanamke wa pwani. Chapa ikipitwa na wakati, shehena inabaki dukani.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kamati ya harusi ijue. Zanzibar, merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Weupe usio na kazi na weusi usio na maua. Utumwa ulipofutwa kisheria kule mwaka wa 1897, wanawake walioachwa huru waliweka kaniki kando na kujifunga kanga za rangi kali na michoro mikubwa. Hawakuuliza kama nyekundu inawafaa. Rangi tulivu walikuwa wamezivaa vya kutosha.

Sasa hii sheria yetu ya kujificha ilitoka wapi? Nimepata milango miwili.

Wa kwanza uko ukutani kwa kukhu, nyanya yangu, Bungoma. Kuna picha yake ya miaka ya 1980, iliyopigwa studio ya mjini. Amevaa kitenge cha njano chenye duara kubwa za buluu. Kitenge kinang'aa kama kimepigwa jana. Uso wa kukhu ni kivuli chenye meno. Nikiwa mdogo niliamini picha hiyo ndiyo ushahidi: ona, njano imemmeza.

Lakini filamu za rangi za wakati huo zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara zilitumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, wakaiita kadi ya Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Na ajabu ni hii: kati ya waliolalamika wakasikizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, kwa sababu bidhaa zao za kahawia zilitoka zote zikifanana. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Basi kukhu hakumezwa na njano. Alimezwa na filamu.

Mlango wa pili ni vitabu vya urembo. Mwaka wa 1980, Mmarekani Carole Jackson alitoa Color Me Beautiful, kitabu kilichogawa watu katika misimu minne: masika, kiangazi, vuli na baridi. Angalia nywele, macho na ngozi, ujue msimu wako, nunua rangi zake. Kiliuzwa kwa mamilioni. Lakini watu weusi wengi waliwekwa kwenye kapu moja, la baridi. Yaani mweupe mwenye nywele za dhahabu na mweupe mwenye nywele nyekundu wanahitaji kurasa tofauti, lakini mimi, Senge mwenye wekundu wa matofali kwenye mashavu, na binamu yangu wa maji ya kunde, sote ni baridi. Zile chati za intaneti ambazo watu hutumiana leo ni wajukuu wa kitabu hicho.

Wazo lenyewe si la uongo, lakini. Rangi ya nguo kweli hubadilisha uso. Mwaka wa 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins huko Paris, alichapisha kitabu juu ya jambo hilo. Wafumaji walikuwa wamelalamika kwamba nyeusi ya kiwanda ni hafifu. Akaichunguza. Nyeusi haikuwa na kosa. Iliharibiwa na buluu na zambarau zilizofumwa kando yake.

Nilimsimulia Senge habari za Chevreul. Hakushangaa. "Si hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku?"

Na ni kweli. Mteja akija, Senge humtoa nje ya kibanda, kwa sababu turubai la buluu la juu hudanganya. Humwekea kitambaa chini ya kidevu, kisha anaangalia uso, si kitambaa. Uso ukiamka, sawa. Macho yakichoka na mdomo ukaingia kijivu, anakirudisha hata kama mteja amekipenda. Mwenye ngozi ya maji ya kunde inayoelekea njano hampi haradali, itamfanya aonekane ametoka kuugua malaria. Humpa buluu au nyekundu ya matofali. Mweusi tititi humpa rangi iliyokolea bila woga, au nyeupe kabisa. Anachomkataza ni kahawia inayokaribia ngozi yake, maana hapo mtu na nguo huwa kitu kimoja.

Michoro nayo ina hesabu yake. Vimaua vidogo vya rangi mbili, ukisimama hatua kumi, huchanganyika vikawa rangi ya tatu ambayo hukununua. Njano na buluu ndogondogo huwa vumbi. Michoro mikubwa hushika rangi zake hata kwa mbali. Na fundi mzuri hukata kitenge akijua ni rangi gani itaangukia shingoni, kwa sababu hiyo ndiyo jirani ya uso.

Jumamosi hiyo nilipanda matatu ya kupitia Webuye na vipande vitatu kwenye begi, nikashuka Bungoma. Kukhu aliketi uani. Nikawapanga binamu watatu juani, mweusi, mwekundu na wa maji ya kunde, nikawajaribishia mmoja mmoja. Kukhu alikataa cha kwanza kwa mkono. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa na msingi wa buluu ya usiku, duara kubwa za njano, na nyekundu kidogo katikati. Yadi 6, kutoka Uganda kupitia Malaba. Kila mmoja wetu angepata rangi yake shingoni kutoka kitambaa kilekile.

"Kukhu, wanasema njano haitufai," nikamwambia.

"Nani?"

Sikuwa na jibu fupi. Nikapiga picha nne, nikatuma kwa grupu. Kamati ilibishana hadi saa tano usiku. Mmoja akasema ni kelele, mwingine akasema tutafanana na kwaya. Kisha mama wa bwana harusi, ambaye hata hatukujua yuko kwa grupu, akauliza kama kuna kipande kimebaki. Ikapita. Kahawia wakapewa wavulana, kwa tai.

Siku ya kupimwa, fundi aliniuliza njano niiweke wapi. Nikamwonyesha kwa kidole, hapa, karibu na uso.