Sumukuvu: Habari za Neno na za Sumu Yenyewe

Wilaya ya Kilosa ina milango miwili. Mmoja ni mji wenyewe wa Kilosa, kando ya mto Mkondoa, mahali ambapo Reli ya Kati iliyojengwa na Wadachi huanza kupenya milima kuelekea Dodoma. Wa pili ni Mikumi, katika barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, mji uliochukua jina la miti ya mikumi, na ambao mbuga iliyo jirani yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1964. Kati ya milango hiyo imelala tambarare ya Mkata, nchi ya joto ambayo maji huijia kwa wingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliichukua hata reli. Mahindi hupita katika milango yote miwili. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huyalima, na kule Ilonga, karibu na Kilosa mjini, pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimehusika katika kuzaa mbegu zilizo mashuhuri kwa wakulima, kama vile Staha na TMV-1.

Joto na unyevu vikikutana juu ya hindi, kuvu huota. Hilo halihitaji mtaalamu. Lugha yetu ina maneno mengi ya kulitaja jambo hilo: kuvu, ukungu, koga, uvundo, na kila mama wa nyumbani ajua kuyachambua mahindi yaliyooza na kuyatenga. Lakini neno ambalo siku hizi husikika katika mikutano ya mabwana shamba na katika redio si mojawapo ya hayo. Ni neno jipya, sumukuvu, nalo limepokewa upesi kuliko maneno mengi ya kitaalamu. Nia ya makala haya ni kueleza sumu hiyo ilijulikanaje, na kisha kuuliza kama jina tulilolipa linasema kweli yote.

Kwa umbo, neno halina kasoro. Ni majina mawili yaliyounganishwa bila kiungo, kama batamzinga. Na ni sadfa ya kupendeza kwamba nimemtaja batamzinga, kwa maana historia ya sumu hii inaanza naye.

Mwaka 1960, katika mashamba ya Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache. Ugonjwa wao haukujulikana, ukaitwa kwa herufi tu, X. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Watu wa Kongwa, nchi iliyo magharibi ya Kilosa, wangeweza kuona kejeli ndani yake. Huko, tangu 1947, serikali ya Uingereza ilikuwa imemwaga fedha nyingi ili kuotesha karanga katika nchi kavu, na mradi wote ukavunjwa mwaka 1951. Miaka tisa baadaye karanga zile zile, zilizotoka upande mwingine wa dunia, ziliua ndege wa Waingereza kwao. Tena haikuchukua muda Afrika ya Mashariki nayo ikaingia katika kisa hiki, kwani ni katika karanga zenye sumu kutoka Uganda ndimo wataalamu walimopata kuvu aliyehusika, Aspergillus flavus. Kutokana na jina lake wakaunda jina la sumu: aflatoksini. Mwaka 1963 umbo lake la kikemia likafahamika. Aina iliyo kali kuliko zote iliitwa B1. Herufi B ilitokana na rangi ya buluu inayong'aa sumu hiyo inapomulikwa kwa mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho.

Hapo palionekana kuwa mwisho wa fumbo, kumbe palikuwa mwanzo. Wataalamu walipowapa wanyama mbalimbali sumu hiyo, vifaranga vya bata walikufa kwa kiasi kidogo mno; panya wakubwa wa maabara waliota saratani ya ini; lakini panya wadogo walikula, wakaendelea na mambo yao. Kama sumu ni sumu, kwa nini imwue huyu na kumwacha yule? Jingine lililowatatiza ni kwamba aflatoksini yenyewe, ikitiwa pamoja na chembe za urithi katika chupa, haizidhuru. Hukaa nazo kwa amani. Ni ndani ya ini tu ndimo inamogeuka kuwa adui.

Jibu lilipatikana katika chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa mume na mke, James na Elizabeth Miller, ambao walikuwa wameshika kwa miaka mingi hoja moja: kwamba vitu vingi viletavyo saratani havina nguvu hiyo mpaka mwili wenyewe uvigeuze. Mwaka 1974, pamoja na mwenzao Swenson, walitoa ushahidi kwamba ini huitwika aflatoksini atomu moja ya oksijeni mahali maalumu, na kufanya kitu kiitwacho epoksidi.

Yafaa tueleze epoksidi ni nini. Ni pete ndogo kabisa ya atomu tatu, kaboni mbili na oksijeni moja. Kaboni hupenda mikono yake iachane kwa pembe ya nyuzi kama 109; katika pete ya namna hii imelazimishwa kuikunja hadi kufikia nyuzi 60 hivi. Ni upinde uliovutwa. Hutulia kwa shida, na chochote kitakachougusa, maji, tindikali au chembe ya mwili, huweza kuufyatua. Wanakemia waliujua upinde huu zamani. Wurtz wa Ufaransa aliunda ulio mdogo kuliko yote mwaka 1859. Prilezhaev wa Urusi alieleza mwaka 1909 namna ya kuitengeneza kwa tindikali zenye oksijeni ya ziada. Na mwaka 1931 Mfaransa Lefort akaonyesha kwamba madini ya fedha huweza kuiunganisha oksijeni ya hewa na gesi ya ethilini, na viwanda vikubwa vikasimama juu ya ugunduzi huo. Gundi ngumu za epoksi zinazounganisha vyuma na mbao ni pete hizo hizo zilizofunguliwa kwa makusudi zikashikana.

Fedha katika kazi ya Lefort ni kichocheo. Neno hili tumelipata kwa kitenzi kuchochea, nalo linafaa kuliko watu wanavyodhani: kijiti kinachochochea kuni huupa moto nguvu, nacho hutolewa jikoni kingali kijiti. Mwilini vichocheo vina jina lao, vimeng'enya, na hapa ndipo lugha inapoanza kutuyumbisha kidogo. Kumeng'enya ni kuvunjavunja, kusaga kitu hadi kiwe laini. Jina lilifaa lilipotumiwa kwa kazi ya tumbo. Lakini kimeng'enya cha ini kinachoishika aflatoksini hakivunji, kinajenga. Ni mmojawapo wa ukoo mkubwa uitwao P450, wenye chembe ya chuma moyoni mwake kama damu ilivyo, ambao Omura na Sato wa Japani waliupa jina katika miaka ya 1960. Kazi yake ya kila siku ni njema: huongeza oksijeni katika vitu vigeni ili viyeyuke katika maji na kutoka na mkojo. Aflatoksini ikipita, kimeng'enya huifanyia kama kinavyozifanyia nyingine, nacho bila kujua kimeuvuta upinde.

Upinde huo hauishi. Ndani ya maji hudumu kiasi cha sekunde moja tu. Kwa sababu hiyo wanakemia walishindwa kwa miaka mingi kuutengeneza na kuushika. Tindikali za njia ya Prilezhaev, ambazo zingeujenga, ndizo hizo hizo zingeufungua. Hata mwaka 1988, huko Nashville, ndipo walipofaulu kwa kutumia kitu kingine chenye oksijeni, kisicho na tindikali wala maji, wakaiona epoksidi ya aflatoksini kwa mara ya kwanza ikiwa safi. Lakini sekunde moja ndani ya ini ni muda mrefu. Yatosha epoksidi kufika katika chembe za urithi, kujifungua pale, na kujishikiza kabisa. Kosa likiandikwa hapo huweza kunakiliwa kila seli inapogawanyika.

Panya mdogo je? Naye huujenga upinde, tena kwa bidii. Ila anacho kimeng'enya kingine, chenye kuufungua kwa njia ya salama: huichukua epoksidi na kuiunganisha na kitu kiitwacho glutathione kabla haijafika mahali pa hatari. Binadamu anavyo vya ukoo huo, lakini kwa kazi hii ni dhaifu sana. Basi kati ya kuishi na kufa kwa viumbe hawa wawili pana mashindano ya vichocheo viwili, kimoja kikijenga na kingine kikifungua, na chakula ni kile kile.

Wakati maabara za ng'ambo zikiyafumbua hayo, ushahidi kwa wanadamu ulitoka kwetu. Mwaka 1971 ilichapishwa kazi iliyolinganisha vyakula vya sehemu mbalimbali za Uganda na wingi wa saratani ya ini, na mwaka 1973 Peers na Linsell wakafanya vivyo hivyo katika Murang'a, Kenya, wakipima chakula kutoka sahani za watu. Palipokuwa na sumu zaidi, palikuwa na saratani zaidi. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hapana shaka huwapa watu saratani. Aliye na homa ya ini ya aina ya B hatari yake huzidi maradufu, na maradhi hayo si haba Afrika ya Mashariki.

Sumu ikizidi sana haingoji saratani. Mwaka 2004 katika Kenya ya Mashariki waliugua watu 317, na 125 wakafa. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Tanzania: katika Dodoma na Manyara, nchi ambazo kutoka Kilosa huzifikia kwa kupita Gairo, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Wengi walikuwa watoto. Kilosa haikuwamo katika msiba ule, lakini mahindi yake ni miongoni mwa yale ambayo wataalamu wameyapima, na hali ya hewa ya tambarare zake ni ile ambayo kuvu huipenda.

Sasa turudi kwenye jina. Sumukuvu lamfahamisha msikilizaji kwamba sumu ni ya kuvu, na katika hilo lasema kweli. Hatari ni jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kulielewa: kuvu huonekana, basi nikiifuta kuvu, nimeifuta sumu. Mahindi yenye ukungu huoshwa, hukaushwa upya, husagwa. Yaliyo mabaya zaidi hutiwa katika pombe au hupewa kuku. Lakini aflatoksini haina rangi katika unga, haina harufu wala ladha, na chungu cha ugali hakina moto wa kuimaliza. Mahindi yanayoonekana safi huweza kuwa nayo. Tena jina halimwelezi mtu kwa nini alikula mwaka jana asione kitu. Hakuona, kwa kuwa sehemu ya pili ya kazi ilifanyika kimya ndani ya ini lake mwenyewe.

Sisemi neno libadilishwe. Limekwisha kuota mizizi, na jina refu lenye kueleza kila kitu halisemwi na mtu. Nasema kwamba afisa ugani anayelitumia katika vijiji vya Kilosa hana budi kuliongezea sentensi mbili: kwamba kuvu ikiondoka sumu hubaki, na kwamba mwili haujui kuifungua vyema. Sentensi hizo zina uzito wake, kwa sababu zinahamisha mahali pa vita. Vichocheo vya ini hatuviamrishi. Wachina na Wamarekani walijaribu katika Qidong, katika miaka ya 1990, kuwapa watu dawa ya kukitia nguvu kimeng'enya kinachofungua. Matokeo yalionekana katika mkojo wa watu hao, lakini hapana nchi inayoweza kumpa kila mwananchi kidonge maisha yake yote. Vita imebaki shambani na ghalani.

Na huko silaha si ngeni. Kuvuna mapema baada ya kukomaa. Kutoanika juu ya ardhi tupu. Kuweka ghala mahali pakavu na kuzuia dumuzi, maana hindi lililotobolewa ni mlango kwa kuvu. Tangu 2018 Tanzania imesajili pia Aflasafe, kuvu wa jamii ile ile wasioweza kutoa sumu, wanaomwagwa shambani ili wachukue nafasi ya wabaya. Lakini ningependa kutaja jambo moja la kale ambalo halipewi heshima yake. Kukoboa, kuloweka na kuosha, kazi ya kinu na mchi, huondoa pumba na kiini, na sehemu kubwa ya sumu hukaa humo. Siku hizi watu huhimizwa kula dona kwa ajili ya vitamini, na kwa haki, ila dona ya mahindi yenye sumu humletea mlaji kila kitu, pamoja na kile ambacho kinu kingekitenga. Na pumba zilizokobolewa hupewa kuku, ambaye ini lake nalo lina vimeng'enya vyake.

Madereva wanaopakia mahindi Mikumi hawapimi mzigo kwa mwanga wa urujuani. Kanuni ya nchi yasema mahindi yasizidi sehemu 10 za aflatoksini katika kila sehemu bilioni, na za aina ya B1 zisizidi 5. Ni kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi utakaokitambua, nacho hupimwa katika maabara, mbali na gulio ambapo gunia hubadilisha mikono.